Mafua ya Kashata

Ijumaa asubuhi Wadha alipasha kipande cha jodari katika sufuria ndogo, akakitoa miiba kwa vidole, akakiweka kwenye kisahani cha kikombe mbele ya paka. Paka hakula. Pua yake ilikuwa imeziba, na jicho la kushoto limefumba kwa tongo. Marhoon alikuwa mezani akinywa kahawa na kutazama. Kipande chake yeye kilikuwa bado kwenye friji.

Paka akapiga chafya. Jiko zima likanukia udi.

Haikuwa mara ya kwanza. Paka huyo, dume la rangi ya sukari iliyoungua ambalo kwa ajili hiyo liliitwa Kashata, alimfuata Wadha siku aliyokwenda Sidab, pwani ya Oman, kununua samaki, akaingia garini kabla yake. Tangu hapo mafua yalikuwa yakimjia na kuondoka, yakimjia na kuondoka. Yanapomjia, kila chafya hutoa harufu ya udi wa mawardi, ule unaopikwa nyumbani kwa sukari, miski, ambari na sandali. Harufu hiyo hukaa kwenye mapazia mpaka adhuhuri.

Marhoon alidhani paka amelamba kitu. Aliyeitambua harufu ni Sabah, mdogo wake Wadha. Siku moja aliingia na bakuli la tambi, akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Huu si udi wa Hatem?"

"Ndiyo," Wadha akasema. "Paka ana mafua."

"Maskini. Ushampa asali?"

Wakaendelea na habari za asali.

Hatem alikuwa mume wa kwanza wa Wadha. Walikaa pamoja muda mfupi tu, gari likapinduka njia ya Nizwa, akafa kijana, na kwa hiyo akabaki kijana. Marhoon alimuoa Wadha baadaye, wakampata Yaqdhan, wakamlea, wakamuoza, wakazeeka. Katika nyumba za watu wao, mke ndiye anayempikia mumewe udi, na kila mwanamke ana mkono wake. Mtu akiingia msikitini, wenzake hujua katoka nyumba gani kabla hawajamtazama uso. Marhoon alipooa aliuliza habari ya udi wake. Wadha alimjibu kwamba mkono umemwisha, vipimo havikumbuki tena. Marhoon hakumuuliza tena, maana alikuwa mtu wa kujiheshimu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alinunua udi wa dukani, Mutrah, akanukia kama kila mwanamume anayenunua duka lile.

Sasa alikuwapo paka anayevikumbuka vipimo.

Walimpeleka kwa daktari wa wanyama, Qurum. Daktari alikuwa Mkenya, jina lake Akinyi, na kwa wingi wa safari zao alikwisha kuwazoea. Alimpima Kashata joto, akamsikiliza kifua, akamsafisha pua kwa pamba yenye maji ya chumvi. Kashata akampigia chafya usoni.

"Huyu ananukia vizuri," daktari akasema, akabadilisha glavu. "Wengine ni shida." Kisha akawaeleza. "Mzee, mama, haya mafua hayaishi. Virusi vinalala tu ndani yake. Akiwa ametulia vinalala, kukiwa na dhiki nyumbani vinaamka. Mmehama?"

"Hatujahama."

"Mmeleta paka mwingine?"

"Hapana."

"Kuna mtu kwa nyumba ako na wivu?"

Wadha akatazama mkoba wake. Marhoon akatazama picha ya mbwa iliyokuwa ukutani.

"Hakuna," akasema Marhoon.

Kashata akapiga chafya.

"Sawa," akasema daktari. "Basi huyo mwenye hana wivu ajaribu kupunguza. Na moshi muache kabisa, mzee. Udi, ubani, kila kitu. Kifua chake kimeanza kuchoka. Mafua yakirudirudi hivi, iko siku hicho kifua kitakataa."

Kwa hiyo chetezo kilifungwa ndani ya gazeti na kuwekwa juu ya kabati. Udi wa Mutrah ukapewa jirani. Nyumba ikabaki na harufu moja tu, na harufu hiyo haikuwa ya mwenye nyumba.

Jioni Wadha alikuwa akijifungia bafuni pamoja na paka, anafungua maji ya moto mpaka mvuke unajaa na kutokea chini ya mlango. Jioni moja Marhoon alisimama ukumbini. Aliisikia sauti ya mkewe, sauti ya chini asiyoijua, na yeye alidhani sauti zake zote anazijua.

"Vuta pumzi, bwana wangu. Vuta. Hivyo hivyo."

"Mama Yaqdhan," Marhoon akagonga. "Chai inapoa."

"Nnakuja."

Hakuja. Marhoon akazidi kusimama pale, na kadiri alivyosimama ndivyo chafya zilivyoongezeka kule ndani, na ndivyo mvuke uliomfikia miguuni ulivyozidi kunukia.

Usiku ule ule alimwambia. Alikuwa mtu mzima, hakuona sababu ya kuzunguka.

"Nipikie na mimi. Hata kidogo. Ntafukiza nje, upepo uuchukue."

"Nlikwambia tokea zamani, baba Yaqdhan. Nshasahau."

"Paka anakumbuka."

"Basi muombe paka."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa akimtia Kashata dawa ya macho, na kazi hiyo inataka mkono usiotikisika.

Habari zikafika mtaani. Majirani wakaja na mabaibui yao, wengine na kanzu za watoto, wakiomba zipigiwe chafya kabla ya Idi. Wadha akawakaribisha kwa kahawa na halua, akawarudisha na nguo zao kama walivyokuja. Udi ule, alisema, si wa kugawa.

Marhoon alisoma shule ya usiku akiwa na mke na mtoto, baada ya kazi, na cheti chake kilikuwa kimetundikwa sebuleni penye mwanga. Aliamini kwamba hakuna jambo lisilosomeka mtu akikaa nalo kitako. Akaamua kujifunza kutokuwa na wivu. Kila alfajiri alikwenda kutembea pwani ya Qurum, na kila Hatem alipomjia akilini alisema, "Mungu amrehemu," akaongeza hatua. Alianza na mambo madogo. Alikubali kwamba Hatem alikuwa na pua nzuri kuliko yake. Baada ya hilo kumkaa, alikubali kwamba alikuwa mcheshi. Jambo kubwa aliliacha mwisho, kama hesabu ngumu, na asubuhi moja akalikubali nalo, kwamba alipendwa. Alikaa juu ya ukuta wa pwani mpaka jua likawa kali, kisha akarudi nyumbani.

Kazi hiyo ilikula kiangazi kizima. Joto lilipovunjika, Kashata alikuwa anakula, macho yake safi, anapanda mapazia.

"Mzee, umefanya kazi," daktari alimwambia, na Marhoon akaona fahari ile aliyoiona siku ya cheti.

Nyumba sasa ilinuka sabuni na samaki. Wadha alikuwa akimnyanyua paka, anaweka pua baina ya masikio yake, anavuta pumzi, kisha anamrudisha chini. Akaacha kumpashia jodari. Yeye na mumewe walizungumza kama siku zote, juu ya mtungi wa gesi na simu za Yaqdhan.

Ikafika harusi ya Hind, binti yake Sabah. Wadha aliipiga pasi kanzu ya Marhoon, akaitundika. Marhoon alipokuja mezani kunywa kahawa, aliikuta picha ya Hatem imeegemezwa kwenye chupa ya kahawa. Kijana amesimama kando ya gari, anamcheka anayempiga picha.

"Hii ya nini?"

"Hamood atakuwepo, na watu wote wa kwao," Wadha akasema. Hamood alikuwa nduguye Hatem. "Sitaki uende unanuka sabuni mbele yao."

"Daktari kasema kifua chake..."

"Mara moja tu. Mtizame kidogo."

"Nshaacha, Wadha. Nlijifunza."

"Najua. Mtizame, baba Yaqdhan. Picha nlimpiga mimi."

Marhoon akamtazama. Haikuchukua muda. Kiangazi kizima kikamwagika kama maji ya pipa lililochomolewa kizibo. Juu ya mashine ya kufulia, Kashata akainua kichwa, akakunja pua. Wadha alikwisha kuwa tayari. Alimbeba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakishika kishada kinachoning'inia kooni mwa kanzu, kile ambacho wanaume wa Oman hukichovya marashi. Kashata akapiga chafya, akapiga tena na tena, mpaka jicho la kushoto likaanza kutoa maji na kifua kikawa kinakoroma.

Wadha akafumba macho. Kwa muda hakuwemo mle jikoni.

Kisha akamfuta paka pua, akamvisha mumewe kanzu, akamfunga kifungo cha kooni, akakilaza kishada sawa. Akainamisha kichwa kwenye kifua cha Marhoon na kuvuta pumzi ndefu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wamejuana. Marhoon alisimama wima, asitikisike, kama mtu anayepimwa nguo.

"Tangulia," Wadha akasema. "Mimi ntakuja nikishampa huyu mvuke."

Katika ukumbi wa harusi wanaume walikuwa wamepanga mstari wa kuamkiana. Hamood akaja, akaweka pua yake kwenye pua ya Marhoon kama ilivyo desturi, lakini hakuiondoa. Akabaki pale.

"Udi huu," akasema. "Nani kakupikia?"

Wazee waliokuwa nyuma yake walikwisha kugeuka. Marhoon akajinyoosha.

"Mke wangu."

"Mkono ule ule," akasema Hamood. "Kumbe haujapotea."

"Haujapotea," akasema Marhoon, akakitengeneza kishada chake, akasogea kwa mtu wa pili ili naye anuse.