Chombo cha Metroni

Mama yao alipofariki aliacha vyombo viwili vya maua vya Kijapani, jozi iliyomzidi umri yeye mwenyewe. Mabinti wakagawana kimoja kimoja. Mdogo, fundi cherehani, alitia mikasi na rula ndani ya chake, kikakaa sakafuni kikipigwa mateke miaka nenda rudi. Mkubwa alikuwa muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Metroni. Chake alikifungia kwenye kabati la vioo sebuleni, na kazi ya kukipangusa akampa mumewe, Mwalimu, aliyejitolea mwenyewe.

"Huku ndiko kutunza," Metroni alipenda kumwambia mdogo wake. "Wewe chako ukikiuza utapata hela ya uzi."

Maneno hayo yalimchosha fundi. Akamwita mthamini wa vitu vya kale, aje awaambie ukweli mbele ya wote.

Asubuhi ya siku hiyo Mwalimu aliamka akidai ana homa, ujio wa mgeni uahirishwe. Metroni akamtia kipimajoto kwapani, akakisoma dirishani.

"Thelathini na sita na nusu. Vaa shati."

Mthamini alikuwa mtu mwembamba mwenye lenzi mfukoni na sauti ya kunong'ona, kana kwamba vyombo vimelala. Alianza na cha fundi. Akakipindua, zikamwagika sindano tatu na chaki. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kitako, uliolika na kuwa wa kahawia. Dhahabu ilikuwa imefifia pale mikono ya watu inaposhika. Rangi ilijaa vimistari vyembamba kama utando wa buibui.

"Hizi si nyufa, ni uzee," alisema. "Na hii sahihi ya chini imeandikwa kwa brashi. Angalia, hapa wino umezidi, hapa umepungua. Mkono wa mtu. Miaka mia na zaidi. Mama, humu mnatia mikasi?"

"Na rula," alisema fundi.

Metroni akatabasamu. Kama cha mateke kilisifiwa hivyo, chake je?

Mthamini akakipokea cha kabatini. Akakipima uzito kwa mikono, akakigonga kwa ukucha, akakunja uso. Dhahabu iling'aa sawasawa kila mahali.

"Kitambaa hiki cha chini alikibandika nani?"

"Mume wangu, kisikwaruze kabati. Mwalimu ana akili sana."

Mwalimu alikuwa anaangalia dari. Mthamini akakibandua kitambaa taratibu. Chini yake palikuwa na herufi nadhifu za kiwandani, na kijipicha cha sahani iliyonyeshewa matone ya maji.

"Maana yake nini?" aliuliza Metroni.

"Kwamba kinaruhusiwa kuoshwa kwa mashine ya kuoshea vyombo."

Fundi alijaribu kukohoa, kikatoka kicheko. Akakimbilia jikoni.

"Baba watoto," alisema Metroni polepole, "chombo cha mama yangu kiko wapi?"

Mwalimu akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani, kila kipande kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya mtihani wa hesabu.

"Ulikuwa kazini. Nilikuwa nakipangusa huku nafanya mazoezi ya hotuba ya harusi ya binti yetu. Nilipofika kwenye 'tuwapungie mkono', nikapunga."

Metroni akahesabu kwa vidole. Harusi hiyo ilikuwa na miaka kumi na miwili.

"Na hiki cha bandia ulinunua wapi?"

"Duka la zawadi."

"Ukaomba punguzo?"

"Niliogopa watauliza cha nini."

"Hata punguzo hukuomba!" Hapo ndipo aliponguruma, mpaka fundi akachungulia kutoka jikoni.

Mthamini hakuwa nao tena. Alikuwa amepanga vipande kumi na vinne mezani, macho yakimng'aa. Alisema vyote ni vya kweli, mikato ni safi, na wapo mafundi wa kuviunga. Jozi ikikamilika, hata yenye makovu, bei yake si ya mchezo. "Ila gundi ya dukani msiiguse, nawaomba."

Alipoondoka, Metroni alivaa miwani na kuketi mbele ya vipande. Akajaribu viwili, vikakataa. Mwalimu akasogea akimnyooshea cha tatu. Kikaingia mahali pake bila kelele.

Metroni akarekebisha miwani, akatafuta cha nne.

"Kaa basi," alisema Metroni bila kumwangalia. "Umesimama unanizibia mwanga."