Mashine Yenye Kibali

Ujumbe ulikuja nikiwa katikati ya tuta la maharage. Kioo cha kompyuta kiligeuka chekundu, jembe langu likapotea, maneno yakatokea: "Mama Sindano, umefungiwa. Mlinzi amethibitisha kuwa wewe si binadamu. Shamba lako litafutwa mwisho wa wiki."

Nilivua miwani, nikaifuta kwa pindo la gauni, nikasoma tena. Maneno yalikuwa yaleyale.

Mchezo wenyewe ni wa kulima. Watu wengi wanaingia kwa pamoja, kila mtu kwake, wanalima, wanauziana, wanaibiana. Mlinzi ni programu iliyowekwa humo kuwanasa wadanganyifu, wale wanaoweka mashine iwalimie huku wao wakijipumzikia. Mimi sikuingia humo kwa kupenda michezo. Ni mjane, ni fundi cherehani, na mtoto wangu wa pekee, binti, yuko nchi ya mbali akitunza wazee wa watu kwa zamu. Akipiga simu mimi nimelala. Nikipiga mimi, yeye yuko kazini. Ndiyo maana kabla ya kuondoka aliniachia kompyuta yake kuukuu, akaiweka pembeni ya cherehani, akanifundisha. "Mama, tutakuwa na shamba letu," alisema. "Hata siku tusipoongea, utaniona."

Mashamba yetu yamepakana na hayana ua katikati. Yeye humo ndani anajiita Malkia Usingizi, na sisi tuliomlea tunajua kwa nini. Kila alasiri nikishakunja sare za wanafunzi nilizoshona, nilikuwa namkuta kule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Ndiyo mama. Nimechoka kidogo lakini nipo."

Tukawa tunalima. Miezi ya karibuni alikuwa amebadilika sana. Binti yangu tangu azaliwe ni mtu wa kulalamika: maji ya kuoga yamoto, maji ya kuoga baridi, uji mzito, uji kama wa mgonjwa. Nimeshika rozari miaka na miaka nikimwomba Mungu amlainishie ulimi. Sasa nikimwambia tupalilie, ananijibu, "Ndiyo mama." Nikimuuliza kama amesali, "Ndiyo mama, amina." Nilisimama kanisani mbele ya akina mama wenzangu nikatoa shukrani kwamba Mungu amenisikia, nao wakanipigia vigelegele.

Kwa hiyo kilichoniuma si kuitwa mashine. Kilichoniuma ni kwamba atakuja shambani asinikute. Atadhani naumwa. Atadhani nimekufa na watu wanamficha. Nilimpigia, haikupokelewa. Nikamwandikia anitafute haraka. Jibu lilikuja usiku nimelala, nikalisoma asubuhi: "Niko zamu mama. Tutaonana shambani."

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye, alikuwa anachambua mchele. Nilipomsomea ule ujumbe wa kufungiwa alicheka hadi ungo ukamponyoka.

"Maskini kaka yangu! Alioa mashine na hakuna aliyemwambia."

"Wifi, sina mzaha."

"Ndiyo hivyo hivyo. Mashine haina mzaha." Alijifuta machozi, kisha akaona uso wangu, akauokota ungo. "Haya. Mwenye mchezo anakaa wapi?"

Mwenye mchezo anakaa mjini kwetu humu humu, chumba cha juu ya duka la vioo. Wachezaji wanamwita Jaji, kwa sababu ndiye anayefungia watu na kuwafungulia. Tulipanda ngazi, mimi mbele, wifi nyuma akihema. Chumba kilikuwa na joto la tanuri. Mashine zimepangwa ukutani kama makabati, feni zinavuma, nyaya zimetapakaa sakafuni, na katikati amekaa kijana mwenye ndevu na kandambili, sahani ya jana iko juu ya kiti ambacho angekaribishia wageni.

"Shikamooni. Mnamtafuta nani?"

"Jaji."

"Ndiyo mimi."

"Mimi ni Mama Sindano," nikamwambia. "Nimekuja kwa miguu yangu unitazame."

Alinitazama. Akamtazama wifi. Akaondoa sahani kwenye kiti.

Sitamsema vibaya kijana yule. Alinisikiliza kwa adabu, akafungua jalada langu kwenye kioo na kunieleza makosa yangu moja moja, kama daktari anayetoa majibu mabaya.

"Matuta yako, mama. Yote yamenyooka. Hakuna hata moja lililopinda."

"Mimi nashona pindo za sare tangu hujazaliwa. Pindo likipinda mwalimu anairudisha nguo."

"Hujawahi kumtukana mtu."

"Nimtukane nani?"

"Yeyote! Kila mtu humo anatukana, mama. Hawa vijana walipoiba viazi vyako vyote, wewe uliandika hivi." Akasogelea kioo. "'Mungu awabariki, mle vizuri.' Mlinzi alipoona hilo hakulala."

Wifi alifunika mdomo kwa mkono.

"Halafu kuna hili. Saa sita kamili unaacha jembe. Jioni saa kumi na mbili kamili, unaacha tena. Kila siku, hukosi."

"Hiyo ni kengele ya kanisa. Nasali."

"Mlinzi hajui kengele, mama. Yeye anaona tu kitu kinachozimika na kuwaka kwa saa." Akajikuna ndevu. "Mtu hawi hivi. Ngoja nikuonyeshe mtu. Huyu jirani yako, Malkia Usingizi. Tazama matuta yake yanavyokwenda kombokombo. Anakosa mbegu, anarudi, anasimama, anapiga miayo, anaandika 'nimechoka kidogo'. Huyu ndiye tunayemtumia kumfundishia Mlinzi binadamu wakoje."

Moyo wangu ulipanda kama wa mzazi aliyeitwa shuleni kwa mema. "Huyo ni binti yangu."

"Hongera mama. Umezaa mtu."

Akanipa kipanya chake na kunifungulia shamba la majaribio, nilime yeye akiona. Nililima. Sikuwa nimefika nusu ya tuta, kioo kikawa chekundu. Jaji alikitazama kioo, akaitazama mikono yangu, akarudi kwenye kioo.

"Mimi naona mtu," alisema polepole, "yeye anaona mashine."

"Na wewe unamwamini nani?"

Wifi akamwahi: "Wewe mtoto, mguse mkono basi! Ana presha, ana goti, ana madeni ya sukari dukani. Ni mashine gani hiyo?"

"Naamini, mama mdogo, naamini. Lakini nikimzima Mlinzi kwa ajili ya mtu mmoja, wezi wote wanaingia." Akanigeukia, akashusha sauti kana kwamba Mlinzi anasikia. "Mama, fanya hivi. Pindisha matuta mawili matatu. Kosea makusudi. Andika tusi dogo tu, hata 'mjinga'. Atakuachia leo leo."

"Niharibu kazi makusudi ili nionekane mkweli?"

"Ndiyo… yaani, si hivyo."

"Ni hivyo. Huo ni uongo."

"Wifi," wifi akanong'ona, "ni maharage ya kwenye kioo. Mungu hana habari nayo."

"Mungu ana habari na mimi."

Hapo kengele ya saa sita ikalia kutoka mtaa wa pili. Nikaweka kipanya chini, nikasimama, nikasali sala yangu. Wifi naye akasimama, hakuwa na namna. Jaji alibaki ameshika kandambili moja mkononi, hajui aivae au aivue. Nilipofungua macho, wekundu wa kioo ulikuwa umekoza zaidi.

"Kuna njia moja," alisema akiivaa ile kandambili. Kumbe mchezo wenyewe una mashine zake halali: za kumwagilia, za kufagia soko, za kuokota mizoga ya ng'ombe. Hizo Mlinzi ameagizwa asiziguse. "Nikuandikishe humo. Utakuwa mashine yenye kibali. Shamba lako linabaki, unaingia saa yoyote, unalima ulivyo."

"Lakini mimi si mashine."

"Mimi najua. Wewe unajua. Yeye hatakusumbua."

Nilifikiri sana. Wifi alinikazia macho. Nikamwona binti yangu amesimama peke yake kwenye mpaka wa mashamba, anaita, hajibiwi. Nikasema moyoni, Bwana, anayeandika ni huyu kijana; mimi sikutamka. Kisha nikamwambia, "Andika."

Njiani wifi hakuacha. "Mashine, vuka barabara. Mashine, angalia tope." Nilimwacha aseme.

Alasiri ile niliingia shambani. Pembeni ya jina langu palikuwa na alama ya gurudumu dogo lenye meno, alama ya mashine. Nilikimbilia mpakani kabla hata ya kutazama mimea yangu. Alikuwapo, anapalilia, tuta limepinda kama kawaida.

"Mwanangu!" nikaandika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uliogopa?"

"Ndiyo mama. Nimechoka kidogo lakini nipo."

Nikangoja. Nikangoja aniulize nilikuwa nimepotelea wapi. Alipiga miayo, akakosa mbegu, akairudia.

"Mimi sikuwapo," nikaandika. "Nilifungiwa. Uliniona sipo?"

"Ndiyo mama."

"Na hili gurudumu penye jina langu, umeliona?"

"Ndiyo mama, amina."

Mikono yangu ilikaa juu ya meza. Mimi ni mtu wa kutazama. Nguo ikinijia najua ilifumuliwa wapi hata kama imepigwa pasi. Nikaanza kurudisha miezi nyuma. Siku niliyomwambia goti limevimba, "Ndiyo mama." Siku niliyomsimulia kanisa lilivyovuja, "Ndiyo mama, nipo." Tangu lini binti yangu alipalilia bila kusema mgongo unamuuma? Tangu lini alisema amina bila kusukumwa kiwiko? Nilikuwa nimemshukuru Mungu mbele za watu kwa muujiza, kumbe muujiza wenyewe ulikuwa programu iliyowekwa shambani inisalimie.

"Wifi," nikaita. "Njoo uone mtu."

Alikuja, akasoma mazungumzo yote juu hadi chini, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Akaniwekea mkono begani.

Chini ya jina la kila mchezaji kuna kitufe cha kuripoti udanganyifu. Nilikitazama. Nilimzaa mimi, nilimnyonyesha mimi. Lakini yule pale sikumzaa. Nikabonyeza.

Jibu la Mlinzi halikuchelewa: "Mchezaji Malkia Usingizi amechunguzwa. Ni binadamu. Amearifiwa juu ya ripoti yako. Mashine zenye kibali zinaombwa zisiwasumbue wachezaji."

Nilikuwa bado nalisoma, simu ikalia.

"Mama! Umeniripoti?" Sauti ilikuwa kali, imekauka, nyuma yake milango ikijibamiza. "Mimi? Mwanao wa kuzaa? Niko katikati ya zamu, simu inalia mfukoni, naambiwa nimeshtakiwa na Mama Sindano!"

"Nimeripoti kitu kilichokuwa shambani kwako. Wewe sijakuona siku nyingi."

Nikasikia anafunga mlango, anakaa mahali.

"Umejuaje?"

"Hakilalamiki."

Alivuta pumzi, ikatoka imekatika. "Nilianza siku moja tu, mama. Nilikuwa naumwa, sikutaka ukute shamba tupu. Kesho yake nikaona hukugundua. Kesho kutwa nikaona unafurahi kuliko ukiwa na mimi." Akapenga kamasi. "Uliniandikia siku moja, 'Mwanangu, Mungu amekubadilisha.' Sasa ningekizima vipi?"

Hilo lilinipata mahali pake. Nikauliza ninalojua kuuliza.

"Umekula?"

"Nimekula nini, mama! Chakula cha huku ni kama kimeoshwa kikaanikwa! Na miguu imevimba, na hiki kibibi changu cha chumba cha mwisho kimenirushia kijiko tena leo, na viatu walivyonipa vinabana, na chumba changu dirisha halifungi, nimeliambia hilo tangu baridi ianze…"

Nikavuta kiti. Wifi akaja kusikiliza, nikaiweka simu katikati yetu. Alilalamika juu ya mablanketi, juu ya msimamizi, juu ya chai. Kengele ya jioni ilianza kulia akiwa kwenye mablanketi, ikaisha akiwa kwenye chai, nami nilikuwa bado nimeketi.

Kile kitu alikizima usiku uleule. Shamba lake sasa limeota majani hadi mpakani, maana yeye anaingia pale anapopata nafasi, analima dakika chache, anasema kipanya ni kibovu, anatoka. Mlinzi amekwisha kumwonya kuwa tabia yake imebadilika ghafla na anachunguzwa. Mimi gurudumu langu lipo palepale, na Jaji akinikuta sokoni anainamisha kichwa kwa heshima.

Akina mama kanisani wananiuliza kama binti bado ni mtulivu. Nawaambia hapana, amerudia yaleyale. Wananionea huruma, wanasema watamwombea. Nawaomba waombee mvua.