Masizi ya Birika

Fundi wa mabango alichoka kabla hajashika brashi. Shingo ilimkaza, magoti yalilalamika, na macho yalikuwa yamekinai kitu kimoja: birika. Tangu mvua zianze alikuwa akilichora birika hilohilo juu ya meza ileile, ubavuni mwake kikombe cha bati kilichobanduka ukingo na kitunguu kimoja, na mpaka leo hajavuka nusu.

Maisha yake yote aliandika kuta za watu. Duka la dawa, kinyozi, sabuni, soda. Matunda aliyachora mpaka akayaota: machungwa mekundu, mananasi yamevaa taji, yote yanang'aa, yote ya uongo, kwa sababu hakuna mwenye duka anayelipia doa. Uzeeni ndipo akaanza kujifunza kuangalia, na hakuna aliyemfundisha. Kikombe cheupe, kumbe si cheupe. Upande wa dirishani kina rangi ya maziwa, upande wa pili majivu, na huku chini, jirani na kitunguu, kina wekundu wa kuazima. Siku aliyouona wekundu ule alicheka peke yake, na ukuta wa mtu haujawahi kumpa furaha ya namna hiyo. Kesho yake kitunguu kikachipua, raha ikaishia hapo. Watu hudhani vitu visivyo na miguu hutulia. Wajaribu kuvichora. Mwanga unahama, vumbi linatua, kitunguu kinaota pembe, na wewe shingo imekufa ganzi.

Ila birika halikuwa la mchezo. Lilikuwa la marehemu mkewe.

Wenye kumbukumbu fupi wamesahau, kwa hiyo wakumbushwe. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo walipogoma, mabwana walifunga geti, wakakata maji, wakakaa ndani kungoja njaa iwafanyie kazi. Mkewe fundi alipanga mafiga mbele ya geti lile, akaokota mbao chakavu zenye rangi, akachemsha chai asubuhi na jioni, na watu wakasimama kwa chai ile mpaka mabwana wakalegea. Moshi wa rangi ulilishika birika ukaganda kama lami, na palipofurika chai pakabaki michirizi. Kuanzia hapo mama yule aliliosha ndani tu. Akiulizwa alisema, "Nje nimewaachia wanaosahau."

Sasa chama cha wafanyakazi kimejenga ukumbi, na katibu wake alitaka picha ya mgomo ukutani. Alitaka ngumi, bendera, na yeye mwenyewe mbele ameshika kipaza sauti. Siku za mgomo katibu huyu alikwenda kumsalimia mjomba wake, akarudi geti lilipofunguliwa, amenenepa.

"Nitawachorea birika," fundi alimwambia.

Katibu alicheka akidhani ni utani. Leo alasiri alikuwa anakuja kuona utani umefika wapi.

Nyumba ile ilikuwa na birika moja, na dada mkubwa wa fundi, aliyehamia hapo kumtunza baada ya msiba, hakuwa mtu wa kukosa chai kwa sababu ya sanaa. Basi waliwekeana mkataba. Fundi alichora duara la chaki mezani. Asubuhi dada achukue birika, achemshe kwenye jiko la gesi lisilo na moshi, kisha alirudishe ndani ya duara, mdomo uangalie dirisha. Asilisogeze, asiligeuze. Dada aliushika mkataba huo kuliko wanasiasa wanavyoshika yao.

Siku hiyo fundi alirudi kutoka kununua tapentaini, akavuta kiti, akachanganya nyeusi na kahawia kidogo, akainua macho.

Birika lilikuwa ndani ya duara. Mdomo uliangalia dirisha. Na lilikuwa linang'aa kama kioo cha kinyozi.

"Dada."

"Nini tena?"

"Hili birika limefanywa nini?"

"Limeogeshwa." Dada alitokea mlangoni akijipangusa mikono. "Asubuhi nzima, kwa mchanga na steelwaya. Tazama vidole vyangu, kama nimechimba kisima."

"Nilikwambia usiliguse."

"Hukuniambia hivyo. Uliniambia nisilisogeze, nisiligeuze. Limesogea?"

Fundi akaikagua chaki. Halikusogea hata unywele.

"Picha inakwenda ukumbini," dada aliendelea, sauti imeshuka. "Watu wote waje waseme wifi yangu alikuwa mchafu wa vyombo? Hayupo wa kujitetea. Sikubali, mdogo wangu."

"Yale yalikuwa masizi ya getini."

Dada aliacha kujipangusa. Siku za mgomo alikuwa mbali, kwa mumewe, na mambo ya geti aliyasikia juujuu tu. Akavuta kiti cha pili, akaketi, akaviangalia vile vidole.

"Si ungesema," alisema.

"Si ungeuliza."

Wakakaa hapo, wazee wawili na birika safi. Kisha dada akasema, "Tuwashe kuni nje. Tuliweke mpaka liive upya."

"Hayo yatakuwa masizi ya leo."

Fundi akajaribu kuchora kwa kichwa. Aliyafumba macho akaliona birika lote, lakini brashi ilipogusa ubao ilileta nyeusi ya mabango, ile bapa ya kuandikia HAKUNA MKOPO LEO. Miaka arobaini ya uongo ilikuwa imekaa mkononi. Akafuta kwa kitambaa. Akachora tena, akafuta tena. Mkewe alikuwa anamponyoka kwa mara ya pili, na safari hii fundi alikuwa amechoka hata kulia hawezi.

Katibu akaingia na manukato yake. Akasimama mbele ya picha, mikono nyuma. Upande wa mdomo birika lilikuwa limekamilika, jeusi, na michirizi yake yote. Upande wa mpini palikuwa ubao mtupu.

"Mzee wangu, ukumbi tunaufungua wiki ijayo. Mbona bado?"

"Bado."

"Usijitese. Hilo jeusi lifunike, paka rangi ya fedha lote, lipendeze. Au tupe ngumi tu yaishe."

Na fundi, Mungu amsamehe, alikaribia kukubali. Ngumi angeimaliza kwa siku moja. Ameshachora ngumi za kutosha, hazioti pembe, hazisuguliwi na mtu. Alikwishafungua mdomo.

Dada akaleta chai ndani ya birika lilelile, akammiminia mgeni. Katibu akanywa, akalitazama birika.

"Zuri. Ndilo lenyewe?"

"Ndilo lenyewe," fundi alisema. "La getini."

"Ah! Nalikumbuka sana." Katibu akatikisa kichwa kwa hisia. "Tulikuwa tunalizunguka asubuhi na baridi yake. Linang'aa hivihivi."

Dada akakohoa, akakimbilia jikoni na kikohozi chake. Fundi akaufunga mdomo.

"Wiki ijayo utaipata," alisema. "Birika."

Katibu alipokwenda zake, dada alirudi, akalirudisha birika ndani ya chaki, mdomo dirishani. "Linang'aa hivihivi, eti. Kwa mjomba wake huko."

Fundi hakucheka. Alikuwa anaangalia. Upande wa mpini palikuwa na mikwaruzo ya steelwaya, mingi, ya hasira na mapenzi, na kati yake dirisha dogo lililoakisiwa, limepinda, na doa la kahawia ambalo lilikuwa mkono wa dada. Akachanganya kijivu. Akaanza kuchora alichokiona.

"Nusu jeusi nusu jeupe?" dada aliuliza. "Watasema umekosea."

"Waseme. Watauliza kwa nini."

"Na wakiuliza?"

"Wewe utakuwepo. Utawaambia nani alichemsha na nani alisugua. Na nani alikuwa kwa mjomba."

Alichora mpaka mwanga ukaondoka mezani, kisha akaosha brashi polepole, maana vidole vilikataa kukunjuka.

"Kesho nichemshie kwenye sufuria?" dada aliuliza.

"Chemshia humohumo. Ila usisugue."

"Na kikombe?"

"Wala kikombe."

"Kitunguu je?"

Fundi alikitazama, na pembe zake za kijani.

"Kipike," alisema. "Hicho kimenishinda."