Ugonjwa wa Wavivu

Kichwa cha mwenyekiti wetu, Anselmi, kilifaa kuvalishwa kofia tu. Kazi nyingine sikuwahi kukiona kikiifanya.

Mume wangu Vitalis alipoanza kukojoa damu, nilimpeleka zahanati. Tabibu hakumgusa hata mkono. Majaruba ya mpunga huku Kilosa yamejaa kichocho, mkojo mwekundu kwetu si habari. Akampa dawa ya kichocho. Damu iliporudi akampa ileile, huku anapiga miayo.

Kisha Vitalis akavimba uso na miguu, na masikio yakawa mazito. Filimbi ya shamba la Ujamaa ikilia alfajiri, hatoki. Vijana wakimpa shikamoo, marahaba haisikiki. Anselmi akasimama mkutanoni akamwita kupe, mtu wa kiburi anayenyonya jasho la wenzake. Nilipoomba ruhusa ya kumpeleka hospitali ya mkoa, akanikatalia hadharani.

"Mvivu hatibiwi Morogoro, shemeji. Dawa yake jembe."

Watu wakacheka. Hata Domina, mke wa Anselmi na dada yake Vitalis wa tumbo moja, alicheka! Niliwadharau wote, na yeye zaidi.

Nikamtorosha mume wangu hadi Mikumi, tukapata lori la kwenda Morogoro. Daktari ndiye mtu wa kwanza kuuliza habari za masikio. Akasema ni ugonjwa wa figo ulio adimu, unaoharibu na usikivu, na wengi huudhania kichocho. Mama huwarithisha wanawe. Kwa Vitalis tulikuwa tumechelewa.

"Ana dada?" akauliza. "Kama anaye, wanawe wa kiume wapimwe mapema. Kuuponya hatuwezi, lakini tukiuwahi figo hudumu."

Matanga ya Vitalis yalikuwa hayajaanuliwa nilipokwenda kwa Anselmi. Nilimkuta na Domina barazani, nikawaeleza yote kama daktari alivyosema. Sikwenda kwa mapenzi. Nilikwenda kwa sababu wana kijana.

"Nyumba yangu haina ugonjwa wa wavivu," Anselmi akasema.

Domina alikuwa amekwisha kusimama. Uani, mwanawe Onesphory alikuwa akipasua kuni, ametupa kisogo. Akamwita. Akamwita tena, sauti ikimkatika. Shoka likaendelea kupanda na kushuka.

"Umeona dharau hiyo?" Anselmi akaniambia. "Huyu nitamnyoosha."