Alivyosoma Bibi Hermelinda

Yaretzi alikuwa na miaka kumi na mitano, na masista wa shule ya bweni walikwisha kumrudisha nyumbani mara mbili, ya pili kwa kosa la kuivika sanamu ya Mtakatifu Antoni miwani ya Mama Mkuu. Kwa hiyo katika mji wao mdogo wa Zacatecas, huko Meksiko, hakuna aliyebisha alipojitangaza kuwa mwongo mkuu wa ukoo. Cheo hicho alikishika kwa unyenyekevu mkubwa.

Jumapili ile, baada ya misa, alitumwa ampeleke babu yake, Don Fulgencio, sinemani. Ukumbi wa zamani ulikuwa umefunguliwa tena, na filamu yenyewe ilikuwa ile ile ya Kipolandi ambayo babu na bibi waliitazama juma zima, mwaka ule mwana wao Eleazar alipovuka jangwa kwenda kaskazini, Marekani, asisikike tena. Babu hakujua kusoma. Bibi Hermelinda ndiye aliyemsomea sikioni maandishi yaliyopita chini ya picha. Bibi sasa alikuwa kaburini tangu Kwaresima. Eleazar alikuwa bado kimya. Yaretzi hakuwahi hata kumwona.

"Mkitoka huko," mama yake alimnong'oneza mlangoni, "mgusie kidogo habari ya misa ya kaka yangu."

"Mimi? Atanitandika fimbo."

"Wewe ngozi yako ngumu."

Kila mwaka mama aliomba Eleazar asomewe misa ya wafu, na kila mwaka babu alijibu vile vile: misa ya wafu haisomwi kwa mtu aliye njiani.

Taa zikazimwa. Kwenye picha, mwanamke alimenya viazi huku mwanawe akifunga sanduku kwenda kazini migodini. Yaretzi akainama, akasoma kwa sauti ya kanisani: "'Mwanangu, usiondoke kabla hujafua soksi zako. Zimeua paka wa jirani.'"

Babu alicheka mpaka mbegu za maboga zikamtoka mdomoni.

"Mshenzi wewe! Hapo anasema, 'Nimekufungia mkate, ule ukifika.'"

Yaretzi akatazama maandishi. *Nenda, usigeuke kunitazama nikilia.* Mkate haukuwemo.

"Una hakika, babu?"

"Nimeisikia juma zima! Soma kama mtu aliyebatizwa."

"Nyie mliokuja kupiga soga, soko liko kule!" akafoka Doña Chayo, muuza mahindi, kutoka kiti cha nyuma.

"Na wewe tafuna taratibu, Doña Chayo. Meno yako yanasikika mpaka Polandi," Yaretzi akamjibu.

Akaendelea kusoma, sasa neno kwa neno, na kila mara babu akamsahihisha. Barua aliyoletewa yule mama ilisema mgodi umeporomoka. Babu akasema la, kijana amepandishwa cheo, hana nafasi ya kuandika. Polepole ikamwingia Yaretzi kwamba cheo chake cha mwongo mkuu kilikuwa cha mtu mwingine. Bibi Hermelinda, msali rozari, aliyewahi kumpiga kofi kwa kusingizia kuumwa jino, aliketi humu akadanganya filamu nzima, kisha kesho yake akarudia bila kukosea. Utundu wa namna hiyo ni kipaji. Yaretzi alitaka kucheka, kicheko hakikuja.

"Nyamaza sasa, inakuja," babu akasema.

Yule mama alikuwa amesimama kwenye kituo cha treni, thelujini. Treni ikafika, watu wakashuka, treni ikaondoka. Akamwambia mkuu wa kituo maneno machache. Babu alimshika Yaretzi mkono. Safari hii hakumtangulia.

"Soma."

*Nilijua hayumo. Nimekuja kumuaga.*

"'Treni hii imejaa mno,'" Yaretzi akasoma. "'Atakuja na... atakuja na ile...'"

Aliyekwisha kumdanganya askofu bila kupepesa macho, sauti ikamkatikia hapo.

Filamu ikaisha, taa zikawaka. Doña Chayo alipita akijifuta macho kwa aproni, asimtukane mtu. Babu hakuinuka.

"Bibi yako alisema, 'Atakuja na treni ya Jumapili,'" akasema. "Lakini naye sauti ilimkatika papo hapo. Kila siku."

"Filamu inahuzunisha, babu."

"Inahuzunisha nini, kama mtoto anakuja?"

Yaretzi akaanza kuokota mbegu za maboga zilizomwagika sakafuni.

"Imeandikwaje?" babu akauliza.

Akamwambia sikioni, ingawa ukumbini hakubaki mtu. Babu alisikiliza, macho kwenye kitambaa cheupe cha sinema.

"Kumbe Hermelinda alijua," akasema. "Akalibeba jambo hili peke yake, maskini, na mimi namhimiza asome kwa sauti."

Akainuka, akavaa kofia yake.

"Mwambie mama yako akamwone padri," akasema. "Kwa ajili ya mwanangu."