Jiwe la Saa Sita Mchana

Wewe pia uligeuza uso. Ulimwona fundi mizani akipanda ngazi za chuo na daftari kwapani, ukacheka, ukapita.

Miaka ishirini na mitatu mzee huyo alipima jiwe moja kwa mizani ya springi karakanani kwake, asubuhi na saa sita mchana. Mchana lilizidi uzito kidogo. Basi akaandika kwamba ardhi haituvuti; mbingu ndiyo inayotusukuma chini, na jua likiwa utosini husukuma zaidi.

"Mzee, ardhi imevuta siku zote bila kibali chako," karani wa chuo alimtania.

"Mpe profesa asome, mwanangu, hata kama ni kwa kunicheka."

Hakuna aliyesoma. Mzee alikata roho akiuliza kama jibu limekuja.

Wiki moja baada ya mazishi, binti yake aliyerithi kazi ile alilifungua daftari kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa pili ulimtosha. Bati la karakana huwaka mchana, na springi ikipata joto hulegea, jiwe likaonekana zito zaidi. Akaifunika mizani kwa kitambaa kilicholowa maji. Jiwe likarudia uzito wake wa asubuhi. Na baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha asipimie springi yenye joto! Mganga hajigangi.

Binti akalia kwa kwikwi. Kosa la kusahihishwa kwa dakika kumi, nao walikula meza moja. Kila baba alipomsogezea daftari, alimjibu, "Kesho, Baba."

Kuna daftari la mtu linakungoja. Lifungue leo, umwambie ukweli angali anasikia.