Behewa Lisilosomeka

Nimegonga magurudumu ya treni kwa nyundo kwa muda wa miaka thelathini na mmoja, na sikio langu la kulia limechoka kabla yangu. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya sufuria iliyokaukiwa na maji. Asubuhi ile, treni ya mizigo ilipoingia, nilifika behewa la tisa nikashusha mkono bila kugonga.

Ubavu wake ulikuwa umepakwa rangi kutoka kona hadi kona: herufi nne za buluu na njano, nene kama magodoro yaliyokunjwa, na juu ya herufi ya mwisho, ndege mwenye mguu mmoja. Ndege huyo nilimjua. Yupo nyuma ya mlango wa jiko langu, yupo kwenye makalio ya ndoo zangu zote. Ni alama ya mjukuu wangu, binti wa marehemu binti yangu, ninayeishi naye katika nyumba za shirika ng'ambo ya reli. Behewa lilikuwa limeondoka kwetu Jumapili, siku yangu ya mapumziko, likaenda hadi mwisho wa reli na kurudi.

Kuandika kwenye mabehewa hakukuanza na watoto hawa wala na makopo yao ya rangi ya kupuliza. Nilipoajiriwa, mafundi breki na wapakiaji walitembea na chaki mfukoni. Mmoja alichora kofia, mwingine kiko cha tumbaku, mwingine aliandika tu "nimechoka" na tarehe. Behewa lilisafiri na alama yako, likarudi baada ya miezi likiwa na alama nyingine pembeni, ya mtu wa stesheni ya mbali ambaye hukuwahi kumwona, ila sasa ulijua kwamba yu hai. Mimi nilichora kiatu. Nilipokwenda kujifungua, mwenye kofia aliandika chini ya kofia yake: "Kiatu kiko wapi?"

Mwiko ulikuwa mmoja. Namba ya behewa, uzito wake na tarehe ya kupimwa breki huandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya kisanduku, upande wa kushoto, na aliyechora juu ya kisanduku hicho alinyang'anywa chaki mbele ya wenzake. Hata vijana wa makopo, walio na akili, hukizunguka. Wanajua kwamba namba zikisomeka, shirika halijisumbui kufuta picha. Mjukuu wangu alikifunika chote. Hakuwa na wa kumwambia. Mimi sikumwambia, kwa kuwa sikutaka kujua alikokuwa akienda na makopo yake.

Stesheni masta, kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, alikuja na kikombe mkononi.

"Mama Nyundo, hili halina namba. Litaondokaje saa kumi?"

"Haliondoki."

"Mbona stesheni mbili zimelipitisha?"

"Wamenakili tarehe ya behewa la nane. Tazama karatasi yao."

Akatazama, akaguna. "Wavivu hawa. Basi jaza fomu, Mama. Kwenye mhusika andika hajulikani, tulifute, liende zake." Akarudi kwenye chai yake.

Mstari huo niliujua: *Mhusika, iwapo anajulikana.* Wiki iliyotangulia mjukuu wangu alikuwa amepokea barua ya karakana ya shirika. Walimchukua kuwa mwanafunzi wa idara ya rangi, aanze Jumatatu, baada ya kukaa nyumbani miaka miwili tangu amalize shule. Karakana haimpokei aliyeharibu mali ya shirika. Nikampigia simu.

"Njoo stesheni, na ulete tina na vitambaa."

"Tina ya nini, Bibi?"

"Ya kuondolea rangi. Unaijua."

Alikuja mbio. Alipoliona behewa, alitabasamu kabla hajajizuia.

"Limefika mwisho wa reli? Watu wameliona?"

"Wameona picha. Walichotakiwa kukisoma hawakukiona. Futa hapa."

"Na wewe ulichora kiatu, Bibi. Mama aliniambia."

"Nilichora, kwa chaki, nje ya kisanduku. Futa."

Akafuta bila kuinua uso. Namba ilitokea kwanza, kisha uzito, kisha tarehe. Breki zilipaswa kupimwa Jumatatu, siku moja baada ya behewa kuondoka kwetu. Niliinama chini ya behewa, magoti yakilalamika, nikamwita aje atazame. Kibao cha breki kilikuwa kimebaki wembamba wa sabuni ya mwisho wa mwezi.

"Limeshuka mteremko na hiyo?" akauliza.

"Mara mbili, na tani arobaini ndani. Dereva yuko mbele yake."

Alikaa juu ya taruma la reli, kitambaa mkononi. "Nilidhani ni namba tu."

Nilipangusa grisi mikononi.

"Lakini hao walionakili nao wana makosa."

"Wanayo, nao wataandikwa. Fomu ina nafasi ya kutosha."

"Na karakana?"

"Itakukataa."

"Mtu anaweza kuandika hajulikani, Bibi."

"Anaweza."

"Bora basi ungenitukana."

"Nimechoka, mjukuu wangu. Matusi yanataka nguvu."

Niliegemeza fomu kwenye ubavu wa behewa nikaandika majina yake yote matatu, kwa mwandiko ule ule ninaoandikia nyufa za magurudumu.

Fundi akabadilisha kibao, breki zikapimwa. Mjukuu wangu alichukua brashi na rangi nyeupe bila kuagizwa, akaandika upya namba zilizokuwa zimefifia, na tarehe mpya chini yake. Stesheni masta aliporudi alisimama kuzitazama.

"Namba zimenyooka hizi. Nani ameandika? Karakana nzima hawana mkono kama huu."

Nikampa fomu. Akaisoma amesimama, akaanza tena kutoka juu. Kisha akamtazama msichana, akanitazama mimi.

"Mama, hii naweza kuichana."

"Unaweza. Nina nakala."

Treni iliondoka saa kumi, na behewa la tisa likiwa mahali pake. Tulivuka reli kurudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumatatu aliamka mapema, akaoga, akavaa sare aliyokuwa ameipiga pasi tangu wiki ile ya barua, kisha akakumbuka. Akakaa mezani akiwa na viatu miguuni. Nilimmiminia chai, nikasogeza sukari karibu yake, nikaenda zamu.